Masjala Ilikuwa Wazi

Karani mkuu wa masjala alikuwa na tabia moja ambayo kwa miaka ishirini na saba ilimletea sifa tu: kazi ya kesho alipenda kuianza leo. Wenzake walipokuwa wakitafuta viatu vyao chini ya meza saa tisa alasiri, yeye alikuwa bado ameinama, anapanga majalada ya asubuhi itakayofuata, anatia wino kwenye sponji ya muhuri, anachonga penseli. Mawakili walimwita Mama Daftari, na walilitamka jina hilo kwa adabu, kwa sababu masjala ndiyo mlango wa mahakama. Karatasi yoyote inayotaka kumfikia hakimu au jaji lazima kwanza ipite kwenye kaunta yake, igongwe muhuri, ipewe namba, kisha ilale kwenye rafu ikisubiri zamu. Nyingine zililala mpaka zikazeeka.

Jengo lenyewe lilikuwa na sakafu mbili. Chini walikaa mahakimu wanne, kila mmoja na chumba chake chenye mabenchi yaliyolika. Juu alikaa jaji wa Mahakama Kuu, peke yake na kiyoyozi chake. Juu ya jaji hapakuwa na chumba kingine, lakini mahakama ilikuwepo: majaji watatu wa Rufani, waliofika mjini mara moja kwa mwaka, wakakaa wiki tatu, wakaondoka na kuiacha foleni vilevile walivyoikuta. Aliyeshindwa chini alipanda juu, na aliyeshindwa juu aliwasubiri wale watatu. Ndivyo dola ilivyojipanga, na kwenye karatasi ilipendeza sana. Masjala ilikuwa na mchoro wake ukutani, wenye visanduku na mishale.

Kila siku ya kazi ilikuwa na ukurasa wake katika daftari la kutwa. Juu iliandikwa masjala imefunguliwa saa ngapi na imefungwa saa ngapi, katikati ziliorodheshwa nyaraka zilizopokelewa, na chini karani mkuu alitia sahihi. Kwa kuwa saa hazikubadilika hata siku moja, Mama Daftari alizoea kuandika ya juu na kutia sahihi ya chini siku moja kabla, ili asubuhi watu wakishajazana kaunta abakiwe na ya katikati tu. Waliomtangulia walifanya hivyohivyo, na waliomfuata aliwafundisha yeye. Mkaguzi mmoja kutoka makao makuu aliwahi kumsifu kwa usafi wa kurasa zake. Hakula hongo, hakuficha jalada la mtu, hakuirudisha nyuma tarehe ya muhuri hata alipoombwa na watu wenye magari makubwa. Huyo ndiye mtu tunayemsimulia, na ni vizuri ajulikane mapema, kwa kuwa baadaye ataitwa majina mengine.

Mtoto wa mdogo wake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye miaka ishirini na minne, mcheshi, mikono imejaa makovu madogomadogo ya cheche. Alikamatwa kwa madai kwamba yeye na wenzake watatu walivunja duka la vipuri wakiwa na bunduki. Hao wenzake hawakuonekana, wala bunduki haikuonekana. Shahidi alikuwa mmoja, mwenye duka, aliyesema alimmulika mwizi kwa tochi, akamwona uso, kisha akajitupa chini ya meza. Hakimu akamsikiliza mwenye duka, akamsikiliza kijana, halafu akampa kijana miaka thelathini.

Mama Daftari alilia siku hiyo chooni, akanawa uso, akarudi kaunta. Lakini hakukata tamaa. Karani wa masjala husoma hukumu nyingi kuliko wakili wa kawaida, maana yeye ndiye anayezifunga kamba, na alikwishaona kesi za namna hiyo zinavyoporomoka zikifika juu: shahidi mmoja, gizani, mwanga wa tochi, mtu asiyemjua, kufumba na kufumbua. Hata mwendesha mashtaka alimvuta pembeni kwenye korido akamwambia, "Mama, kateni rufaa. Hii haisimami." Basi baina ya kijana na nyumbani palikuwa na ngazi ishirini na mbili za saruji, zilezile alizozipanda kila siku amekumbatia majalada.

Siku hiyohiyo alimwendea msajili, ambaye ndiye bosi wa makarani wote na wa jengo zima jaji asipokuwepo.

"Mheshimiwa, huyu wa miaka thelathini ni mwanangu. Mtoto wa mdogo wangu. Jalada lake sitaligusa."

"Umefanya vizuri kuniambia," alisema msajili. "Laiti wote wangekuwa kama wewe."

Na kweli hakuligusa. Jalada likipita mbele yake aligeuza uso, kama mtu anayeona aibu. Karani mdogo ndiye aliyelishughulikia.

Sheria ilimpa mfungwa siku kumi za kutoa notisi ya kukata rufaa. Notisi ni karatasi moja tu. Mfungwa anatia sahihi au dole gumba, askari magereza anaipeleka masjala, basi. Kijana aliisaini siku ya tatu. Gereza likakaa nayo, mara ofisa hayupo, mara gari bovu, mara karatasi imesahaulika kwenye mfuko wa koti la mtu, hadi siku ya kumi askari mmoja alipoambiwa aichukue na kuondoka nayo kwa miguu.

Siku ya kumi ilikuwa Siku ya Mahakama. Mara moja kila mwaka mahakama ilitoka nje kujionyesha kwa wananchi. Turubai lilifungwa mbele ya jengo, viti vya plastiki vikapangwa, bendi ya polisi ikaja na matarumbeta yake. Wakubwa walitaka sherehe, lakini walitaka pia kazi isisimame, kwa hiyo msajili alikwishawaandikia makao makuu kwamba huduma zitaendelea kama kawaida. Asubuhi yenyewe akatazama viti akaona vingi vitupu. Akaingia masjala.

"Nataka kila mtu nje," alisema. "Mheshimiwa Jaji hawezi kuhutubia viti."

"Na kaunta?" aliuliza Mama Daftari.

"Kaunta haina miguu, mama. Tutaikuta hapahapa."

Wakagawiwa fulana nyeupe zilizoandikwa kifuani *Haki kwa Wakati*. Msajili akafunga mlango wa masjala kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni. Mama Daftari alikaa safu ya tatu, fulana ikimbana kwapani, akamsikiliza jaji akisema kwa nusu saa kwamba haki inayocheleweshwa ni deni la mahakama kwa wananchi. Alipiga makofi pamoja na wengine. Wakati huo askari magereza alikuwa amesimama nyuma ya turubai na bahasha ya kaki mkononi. Alizunguka viti, akakuta kufuli mlangoni, akamuuliza mlinzi, akaambiwa arudi kesho. Akasikiliza bendi kidogo, naye binadamu, kisha akaondoka.

Kesho yake alirudi. Karani mdogo akapokea notisi na kuigonga muhuri wa tarehe ya siku hiyo, kama ilivyotakiwa. Kwenye meza ya pili, Mama Daftari, ambaye hakutaka hata kuangalia ni bahasha gani, alikuwa amefungua daftari la kutwa. Ukurasa wa jana ulikuwa na saa zake juu na sahihi yake chini, kama alivyoviacha juzi. Katikati palikuwa peupe. Akapiga mstari kwa rula, na juu ya mstari akaandika: *Hakuna nyaraka zilizopokelewa.* Kisha akageuza ukurasa akaendelea na kazi.

Wiki tatu baadaye jalada la rufaa lilishuka kutoka juu na kikaratasi kimebanwa kwa pini: notisi imeletwa nje ya muda. Karani mdogo ndiye aliyemwonyesha, akiwa ameinamisha kichwa.

Mdogo wake Mama Daftari alikuwa fundi cherehani, mwenye kibanda cha mabati nyuma ya kituo cha afya. Alipoambiwa habari hiyo hakusimamisha cherehani. Mguu uliendelea kukanyaga, kitambaa kikaendelea kwenda.

"Siku ngapi, dada?"

"Moja."

"Siku moja."

"Siku ya kumi na moja badala ya kumi."

"Na hiyo siku ya kumi, hapo mlangoni kwenu si palikuwa na ngoma?"

"Ilikuwa bendi."

Ndipo cherehani ikasimama. Kitambaa kilikuwa kimeshonwa mpaka nje ya mstari. "Basi si mnajua wenyewe kwamba palifungwa," alisema. "Waambie tu. Wote walikuwepo."

Lilikuwa jambo rahisi hivyo kwa mtu anayeshona nguo. Mama Daftari alimweleza kwamba ipo njia: unaomba kuongezewa muda, unaeleza sababu za kuchelewa kwa kiapo, jaji akiridhika anakufungulia mlango. Kuchelewa siku moja kwa sababu ya kufuli la mahakama yenyewe ilikuwa sababu nzuri kuliko zote alizowahi kuzisoma. Kilichohitajika ni wakili. Mdogo wake akashusha pumzi, akaanza kufumua mshono.

Wakili wa bure aliwekewa mtu anayekabiliwa na kitanzi. Miaka thelathini si kitanzi, kwa hiyo serikali haikumpa kijana mtu. Mama Daftari hakuwa na wasiwasi. Mawakili wote wa mji aliwajua, wa serikali na wa kujitegemea, wenye majoho mapya yanayong'aa na wenye majoho yaliyopauka mabegani. Ni nani kati yao ambaye hakuwahi kutafutiwa jalada lililopotea? Aliwafuata mmoja mmoja, na kila mmoja alimkaribisha kiti, akamwagizia soda, akamsikiliza kwa huruma, kisha akapata safari ya ghafla. Wa nne ndiye aliyekuwa mkweli.

"Mama, mimi nakuheshimu. Lakini mimi nina majalada mia mbili kwenye rafu za msajili. Nikisimama pale juu niseme alifunga masjala siku ya kazi, hayo majalada nitayaona tena lini?"

Mama Daftari aliaga. Alizijua rafu zile, na alijua jinsi jalada linavyoweza kwenda arijojo bila mtu kulihamisha.

Akabaki mzee mmoja, wakili wa zamani, ambaye wenzake walimpa jina la Hoja ya Awali. Kila kesi aliyoingia, kabla haijaanza, yeye alikwishasimama: mheshimiwa, nina hoja ya awali. Mara karatasi haikusainiwa panapotakiwa, mara kifungu cha sheria kimekosewa. Alishinda kesi nyingi kwa njia hiyo, na hakuna aliyewahi kumshukuru. Sasa alikuwa na kikohozi, ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya shule, na majalada kumi na moja tu, ambayo alisema yakipotea atapumzika.

Alisoma notisi, akasoma mwenendo wa kesi, akavua miwani. "Rufaa hii hata mtoto angeishinda," alisema. "Tuhangaikie kufuli tu. Daftari la kutwa linasemaje?"

Ajabu ni kwamba mpaka dakika ile Mama Daftari hakuwa amelifikiria daftari. Mkono ulioandika haukuwa umemwambia kichwa. Alikuwa kama mtu aliyekumbuka kuwa ameacha jiko linawaka, na nyumba iko mbali.

"Linasema palikuwa wazi," alisema.

"Nani ameandika?"

"Mimi."

Mzee akavaa miwani tena. Chini dukani mtu alikuwa akibishana juu ya bei ya rula. "Uliandika lini?"

"Juu na chini niliandika siku iliyotangulia. Katikati niliandika siku iliyofuata."

"Na siku yenyewe?"

"Siku yenyewe nilikuwa nje nimevaa fulana."

Mzee hakucheka, na Mama Daftari alimshukuru moyoni kwa hilo. Akamweleza polepole, ingawa wote wawili walijua. Wakinyamaza, wakili wa serikali ataleta daftari na kijana atakuwa amekwisha. Askari magereza hatasaidia. Alikwishaulizwa, akasema kitabu chake kinaonyesha alipeleka bahasha siku ya kumi na moja, basi, ya siku ya kumi hayakumbuki. Alikuwa na watoto wa kulisha. Kilichobaki ni Mama Daftari mwenyewe aape kwamba alichoandika si kweli. Na kuandika lisilo kweli kwenye kumbukumbu za mahakama ni kosa, tena la kufunguliwa mashtaka.

"Umebakiza muda gani kustaafu?"

"Miezi minne."

"Nenda nyumbani ukalifikirie usiku huu," alisema mzee.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa mdogo wake, akamkuta anapiga pasi, akamwambia yote akiwa bado amesimama mlangoni. Mdogo wake alisikiliza hadi mwisho. Akaiweka pasi wima, taratibu, akamwangalia dada yake kama anavyoangaliwa mtu aliyekuja kuuliza njia.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Sikulaumu, dada." Lakini hakumkaribisha ndani, na Mama Daftari alijua kwamba lawama ilikuwepo, tena ya haki, na kwamba itakaa pale baina yao maisha yao yote. Asubuhi akaenda kuapa.

Msajili alimwita siku hiyohiyo. Hakumfokea, ingekuwa nafuu angemfokea.

"Mama, wewe ni mtu mzima. Miezi minne tu, unakwenda zako kupumzika. Mbona unataka kumwaga unga ukiwa mlangoni?"

"Ufunguo ulikuwa mfukoni mwako, mheshimiwa."

"Ulikuwepo," alisema msajili kwa upole. "Lakini mimi sikuandika kitu."

Na ni kweli, hakuwa ameandika. Aliagiza kwa mdomo, akafunga kwa mkono, na katika karatasi zote za jengo lile palikuwa na mwandiko wa mtu mmoja tu. Ijumaa Mama Daftari akapewa barua ya kusimamishwa kazi kwa nusu mshahara, uchunguzi ukiendelea. Karani mdogo alimsaidia kubeba kikombe chake, kanga yake ya kiti na rula mpaka getini, akalia yeye badala yake.

Maombi yakapangiwa tarehe. Tarehe ikafika, jaji alikuwa semina. Ikapangwa nyingine, jaji alikuwepo ila mfungwa hakuletwa, gari la magereza halikuwa na mafuta. Ya tatu wakili wa serikali aliomba muda wa kujibu. Ya nne umeme ulikatika. Miezi kumi na mmoja ilipita hivyo, kijana akipigwa danadana pamoja na jalada lake, na tarehe ya Mama Daftari ya kustaafu ikapita katikati yake bila mtu kumpa hata mkono. Alikuwa amewaambia watu wengi mno njoo kesho katika maisha yake, tena kwa sauti nzuri. Sasa alikaa kwenye benchi pamoja nao, na wengine walimjua, wakasogea.

Siku maombi yaliposikilizwa, chumba cha juu kilijaa. Aliyekaa kitini alikuwa jaji yuleyule wa hotuba. Wakili wa serikali alikuwa mwanamke kijana, mpole, ambaye siku ya sherehe alibeba bango mbele ya bendi. Mama Daftari alimkumbuka kwa sababu upepo ulimsumbua. Karani wa chumba siku ile alikuwa ameketi safu ya tatu, kando ya Mama Daftari. Askari wa mlangoni alikuwa kwenye bendi, mpiga ngoma kubwa. Katika chumba chote watu wawili tu hawakuwa wameiona siku ile kwa macho yao, kijana aliyesimama kizimbani na mama yake aliyeketi nyuma kabisa na mkoba mapajani.

"Mheshimiwa, sisi tunategemea kumbukumbu," alisema wakili wa serikali. "Daftari la kutwa linaonyesha masjala ilikuwa wazi tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tisa na nusu. Hatuna la kuongeza." Alisema hivyo akiwa ameangalia meza, akakaa upesi.

Hoja ya Awali akasimama, akakohoa. Alisoma kiapo cha Mama Daftari neno kwa neno. Kisha akasema, "Mheshimiwa, kwa unyenyekevu, hili ni jambo ambalo mahakama yenyewe inalijua. Kila aliyemo humu alikuwa pale chini. Hata—"

"Hata nani, wakili?"

Mzee akaangalia juu, kwenye kiti chenye nembo.

"Jaji hawezi kuwa shahidi katika shauri analolisikiliza," alisema jaji, bila hasira. "Ninayoyajua mimi nimeyaacha mlangoni. Rudi kwenye jalada."

"Basi naomba kuleta picha, mheshimiwa."

Ilikuwa picha iliyotundikwa kwenye korido, hatua chache kutoka pale, ndani ya fremu: jaji kwenye kipaza sauti, na nyuma ya bega lake mlango wa masjala, na mlangoni kufuli, linaonekana vizuri kama pua usoni. Mzee alikuwa na nakala yake ndani ya bahasha. Kabla hajaitoa, wakili wa serikali alikwishasimama, na sikio la Mama Daftari likasikia maneno ambayo kwa miaka mingi yalitoka kwenye mdomo mwingine.

"Mheshimiwa, nina hoja ya awali. Picha hiyo haikuambatanishwa kwenye kiapo, na aliyeipiga hakuitwa."

Watu wengine walicheka, hata askari wa mlangoni. Mzee mwenyewe alitabasamu kidogo, maana alijua hoja ni nzuri. Yeye ndiye aliyewafundisha vijana wote wa mji kuitumia. Jaji akaikubali. Picha ikarudi kwenye bahasha.

Uamuzi ulisomwa baada ya wiki mbili. Jaji alisoma kwa sauti ya chini na kwa haraka, kama wanavyosoma wote, na Mama Daftari peke yake kwenye mabenchi ya wananchi ndiye aliyeweza kumfuata. Jaji alisema kumbukumbu za mahakama huchukuliwa kuwa za kweli, la sivyo hakuna kesi itakayokwisha duniani. Alisema anayezikanusha hapa ndiye aliyeziandika, na ni mama mkubwa wa mwombaji. Kisha akasema hivi: ikiwa karani huyu alisema kweli katika daftari, masjala ilikuwa wazi, na maombi hayana msingi. Na ikiwa alisema uongo katika daftari, basi ni mtu wa kusema uongo, na kiapo chake hakiwezi kuaminiwa. Kwa vyovyote vile mahakama haina ushahidi kwamba mlango ulifungwa. Maombi yametupwa. Nakala ya uamuzi ipelekwe kwa msajili kwa hatua dhidi ya karani.

Mama Daftari aliurudia uamuzi mara mbili kichwani akitafuta tundu, kwa mazoea ya kazi, na hakuliona. Ulikuwa umeshonwa vizuri. Alihisi hasira, kisha hata hasira ikamwishia, akabaki na uchovu wa mtu aliyebeba mzigo hadi mlango usio wake. Hoja ya Awali alikusanya karatasi zake, akamgusa begani, akashuka ngazi akikohoa.

Askari wa mahabusu alikuwa mtu wa zamani, na walijuana. Alimruhusu dakika tano nyuma ya jengo, kwenye nondo, kabla gari halijaondoka. Kijana alikuwa amekonda, kichwa kimenyolewa, lakini uso ulikuwa umetulia, na utulivu huo ndio uliomwogopesha mama yake mkubwa.

"Pole, mama mkubwa. Nimesikia na wewe watakushtaki."

"Achana na mimi," alisema. Akaanza kumweleza haraka yaliyobaki. Walikuwepo majaji watatu wa Rufani. Notisi nyingine, siku thelathini, kisha mwenendo wote upigwe chapa, kisha kusubiri wafike mjini. Safari hii angesimama mwenyewe kwenye kaunta mpaka muhuri ugongwe. Aliongea kama anavyoongea na watu dirishani, kwa mpangilio, hatua moja baada ya nyingine.

"Watachukua muda gani?"

"Miaka mitatu. Minne."

"Na wao wataniuliza kama nilikuwepo kule dukani?"

Mama Daftari alishika nondo. Hawatauliza. Watauliza tu kama jaji alikuwa na haki ya kukataa kumwongezea siku moja, na alikuwa nayo. Tangu siku ya hakimu, hakuna mtu katika jengo lile aliyeuliza habari za duka, tochi wala uso, na hakuna atakayeuliza tena.

"Nilifikiri hivyo," alisema kijana. Askari akajongea na funguo zake. "Mama mkubwa, mwambie mama auze mashine yangu ya kuchomelea. Ikikaa itaingia kutu. Na akipata mtu wa kupangisha chumba changu, apangishe."

Mdogo wake alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, mkoba mapajani, akimsubiri. Tangu uamuzi usomwe alikuwa akiwauliza watu wanaopita kama wameshinda au wameshindwa, na kila mmoja alimwambia amuulize wakili wake.

"Kasemaje?" aliuliza.

Mama Daftari alifikiria kuanza na majaji watatu. Alifikiria siku thelathini, na notisi, na mishale kwenye mchoro.

"Anasema uuze mashine," alisema.

Katika yote yaliyosemwa mle ndani kwa mwaka mzima mdogo wake hakuelewa hata neno moja, lakini hilo alilielewa. Aliweka mkoba chini, akafunika uso kwa viganja vyote viwili, na dada yake akabaki amesimama mbele yake, hajui kama ana ruhusa ya kukaa.